Kidonda cha Shimo la Kwanza

Tarehe 2 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Kaka ameniambia masikio yako sasa yamegoma kabisa, na kwamba ukipokea simu mtu anakuuliza habari za dawa, wewe unamjibu habari za mvua. Basi narudi kwenye kalamu. Zile mashine za kukata nyasi zimekula masikio, lakini macho hazikuyapata, kwa hiyo jiandae kusoma.

Nina jambo la kukuchekesha. Binti yako, fundi wa mashuka na magauni ya wagonjwa, ameingia kwenye gofu! Hospitali yetu kila mwaka inapeleka watu wanne kwenye mashindano ya hisani, na sharti ni kwamba mmoja wao awe hajawahi kucheza kabisa. Matroni aliingia chumba cha ushonaji akanikuta nakata kitambaa tabaka kumi kwa mkupuo mmoja. Akatazama mikono yangu, akasema, "Wewe ndiye wa nne." Nikadhani natumwa stoo.

Amenikopesha fimbo moja ya chuma, namba saba, na mipira sita. Siku yenyewe ni tarehe 27 Aprili. Nafanya mazoezi uani asubuhi kabla ya kazi: nimetundika blanketi zito kwenye kamba ya nguo, chini nimetandika kipande cha zulia, naupiga mpira kuelekea kwenye blanketi. Jirani yangu, yule mwalimu mstaafu, ameshaniuliza mara mbili kama nafukuza nyoka.

Tabu yangu ni kuugusa mpira vizuri, na blanketi haliniambii nimeupigaje. Kwa hiyo nimebuni kitu cha kifundi. Napaka chaki yangu ya kushonea juu ya zulia, napiga, halafu pale fimbo ilipofuta chaki nachora alama yake kwenye karatasi ya mitindo, kwa ukubwa wake halisi. Msalaba ni pale mpira ulipokuwa. Nakutumia karatasi ya kwanza. Wewe uliyecheza enzi zako, nisomee basi.

Binti yako,
Mkasi


Tarehe 11 Februari

Mwanangu Mkasi,

Marahaba, marahaba! Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, mpaka wifi yako akaja mbio kutoka jikoni akidhani nagombana na mtu.

Sasa tuje kwenye karatasi. Unajua kazi yangu ilikuwa nini. Mchezaji akipiga mpira, fimbo inang'oa kipande cha nyasi, chini kinabaki kidonda. Miaka thelathini na moja nimevijaza vidonda vile mchanga na kuvishindilia kwa kisigino, hadi wenzangu wakaniita Daktari. Nipe kidonda nami nitakwambia aliyepiga ni nani, ana haraka kiasi gani, na kama asubuhi hiyo amegombana na mkewe.

Kidonda kizuri kinaanza pale pale mpira ulipokuwa, kinakwenda mbele. Maana yake fimbo imegusa mpira kwanza, ardhi baadaye. Kidonda kibaya kinaanza nyuma. Huyo amelima kwanza, na anapoufikia mpira nguvu zimekwisha, amebaki na aibu tu.

Chako, mwanangu, kimeanza msalabani kikaenda mbele, urefu wa kiganja. Wiki ya kwanza! Kuna mabwana wakubwa wamecheza pale miaka ishirini na hawakuniachia kidonda cha namna hii hata siku moja. Usibadili kitu. Nasema usibadili chochote! Damu ni damu, bwana.

Kifua kimenijaa. Tuma zingine.

Baba yako,
Daktari


Tarehe 19 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Asante kwa maneno yako, nimetembea nayo kazini siku nzima, mpaka wenzangu kwenye cherehani wakauliza kama nimeongezwa cheo.

Mazoezi yanaendelea. Mpira bado ni mkaidi kidogo, lakini sibadili kitu, kama ulivyosema. Nakuletea karatasi tatu zingine.

Binti yako,
Mkasi


Tarehe 20 Februari

Wifi yangu,

Hii ni yako peke yako. Isome jikoni, kisha ifiche kwenye debe la unga ambako Mzee hafiki.

Mimi sijui kupiga mpira, wifi! Baba anaandika kwamba mimi ni bingwa, nami nikipiga mpira unatambaa chini kama panya aliyefumaniwa. Jumamosi Matroni alitupeleka kwenye nyasi za kweli. Nikapiga mara kumi na tano. Mara kumi na tano nimelima. Mhasibu wetu, ambaye ni wa tatu kwenye kundi, akainama akatazama udongo niliouchimbua, akaniuliza nimepanga kupanda nini. Walicheka hadi wakashika mbavu. Nami nilicheka nao, lakini nilipofika nyumbani nilijifungia chumbani nikalia kama mtoto.

Sasa nifanyeje? Nimwambie Mzee kwamba amekosea? Tangu mama atutoke sijamsikia akifurahi hivi.

Na kuna jingine. Mashindano yatakuwa kwenye uwanja ule ule. Wa Mzee. Nimejua juzi tu, tangazo lilipobandikwa ukutani.

Wewe hukuwahi kumwona kazini. Mimi nilikuwa nampelekea chakula cha mchana, nasimama nje ya uzio. Siku moja alikuwa amepiga magoti anajaza kidonda pale shimo la kwanza, wachezaji wakafika wakampigia kelele: "Toka njiani!" Hata nafasi ya kushindilia kile kimoja hawakumpa. Akabeba ndoo yake, akasogea kando, akainamisha kichwa mpaka wakapita. Alipogundua nimeona, akaniambia yeye pia ni mchezaji, ila siku hiyo ilikuwa zamu yake ya kazi. Kesho yake nikaenda shuleni nikatamba: baba yangu ni mchezaji wa gofu!

Kwa hiyo nataka mpira mmoja, wifi. Ule wa kwanza. Nisimame pale pa kuanzia, wote wakitazama, niupige safi. Baada ya hapo nikishika mkia, potelea mbali. Lakini nikilima pale, nitakuwa nimemwaibisha Mzee mahali ambapo aliaibishwa vya kutosha. Usimwambie ni wapi. Nikishindwa asijue kamwe kwamba ilikuwa pale.

Wifi yako,
Mkasi


Tarehe 2 Machi

Mwanangu Mkasi,

Karatasi zako tatu ninazo kwenye mfuko wa shati. Moja nimemwonyesha kinyozi. Akasema anaona doa tu. Nikamwambia kaa chini wewe, nikueleze, na nikamweleza mpaka mteja wake akaondoka amenyolewa upande mmoja.

Zote nzuri, zote mbele ya msalaba. Hii ya tatu ni ndefu zaidi, inaonyesha hukuogopa. Kama mpira ni mkaidi, basi kasoro ni ya mpira. Mwambie Matroni akupe mwingine.

Nasema tena, usibadili kitu.

Baba yako,
Daktari


Tarehe 14 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Nisamehe, nimekukaidi. Nimebadili.

Ilikuwa hivi. Nilichukua taulo, nikalikunja mara nne, nikaliweka nyuma ya mpira, umbali wa vidole vinne. Nikajiambia: Mkasi, ukiligusa taulo, umefeli. Siku tatu za kwanza nililipiga taulo mpaka likatoka nyuzi, na jirani akasema afadhali nyoka amekufa. Siku ya nne nikaacha kujaribu kuuinua mpira. Nikauegemea mguu wa mbele, nikaacha mikono itangulie na fimbo ifuate, kama ninavyosukuma mkasi kwenye kitambaa kinene: ukiuchelewesha mkono kitambaa kinajikunja.

Baba, ule mlio! Si kishindo tena. Ni "tak", mmoja, mdogo, safi kabisa. Mikono haikusikia kitu, kama vile sikupiga chochote, na blanketi likaruka juu ya kamba likamwangukia jirani kichwani. Alipolitoa akasema, "Sasa huo ndio mpira." Leo nimepiga mara ishirini, kumi na nne zimelia "tak".

Karatasi hii ndiyo bora kuliko zote. Nakutumia kwa furaha kubwa.

Binti yako,
Mkasi


Tarehe 21 Machi

Mwanangu,

Kulikoni? Umefanya nini?

Nimeitazama karatasi hii asubuhi, nikaitazama tena baada ya kula, nikidhani labda ni njaa. Kidonda chote kipo nyuma ya msalaba! Chote! Huku ni kulima, mwanangu. Ungekuwa kwenye uwanja wangu ningekupa jembe na mshahara wa mwezi.

Taulo lako limekuharibu. Ulikuwa na kitu adimu ukakitupa. Rudi kwenye ule wa zamani, bado mwezi mmoja na ushee. Hata kwa kinyozi leo sikwenda.

Baba yako


Tarehe 27 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako ilinikata maini. Sikushika fimbo siku mbili.

Halafu jana kazini nilikuwa nakata magauni ya chumba cha upasuaji, nikalaza karatasi ya mtindo juu ya kitambaa, na kama kawaida nikachora mshale kuonyesha nyuzi zinaelekea wapi. Bila mshale fundi anaweza kulaza karatasi miguu juu na nguo nzima ikaharibika. Nikashika kichwa. Miaka ishirini na miwili sijasahau mshale kwa mgonjwa hata mmoja. Kwako wewe nimesahau mara tano!

Nakutumia karatasi ile ile, sasa ina mshale. Mpira uliruka kuelekea mshale unakoonyesha. Na nina swali, Baba, usikasirike: ulipokuwa unasoma karatasi zangu, ulikuwa umesimama upande gani?

Binti yako,
Mkasi


Tarehe 4 Aprili

Mwanangu Mkasi,

Nimecheka, kisha nikaigeuza karatasi, kisha nikacheka tena. Wifi yako sasa anaamini kichwa kimefuata masikio.

Nilikuwa nimesimama shimoni, kule mpira unakoelekea. Sisi wajaza vidonda tulianza kazi shimoni tukarudi nyuma hadi pa kuanzia, kinyume na wachezaji. Sababu ni moja tu: mpira ukija uje usoni uuone, siyo kisogoni. Miaka thelathini na moja sijakitazama kidonda nikiwa upande wa aliyekipiga. Pale nyasi na kelele zao vilinionyesha wametokea wapi, hapa karatasi imekaa kimya, nami nikaishika kama nilivyozoea. Nilichosifu ndicho kilichokuwa kibaya, na nilichokililia ndicho kizuri. Wiki nane nimekufundisha kulima, na wewe kwa heshima ukalima!

Na kwa kuwa leo ni siku ya kuvua nguo zote, nivue na hii. Mimi sikuwa mchezaji. Sijawahi kupiga mpira wa gofu hata mmoja maishani. Wafanyakazi hatukuruhusiwa kushika fimbo. Siku moja alfajiri niliokota iliyosahauliwa, nikaizungusha hewani mara moja, bila mpira, na kabla ya saa sita nilikuwa na barua ya onyo. Nilikudanganya ukiwa mdogo kwa sababu uliniona nimeinamisha kichwa, na sikutaka ulale na picha ile.

Kwa hiyo tafuta mwalimu wa kweli. Mimi ni mtu wa ndoo na mchanga tu.

Baba yako


Tarehe 10 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo, tena ya magoti. Sitafuti mwalimu mwingine, na hilo tulimalize hapa hapa.

Nani aliyeniambia mpira kwanza, ardhi baadaye? Matroni ananiambia "legea", Mhasibu ananiambia "kaza", na wote wawili mipira yao iko vichakani. Wewe umeniambia kitu kimoja tu, na kitu hicho ni kweli hata ukikisoma ukiwa shimoni. Kosa lilikuwa la fundi asiyeweka mshale.

Mengine nilijua zamani. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu nilipoelewa kwamba mchezaji harudi nyumbani kila siku na mchanga kwenye kucha. Sikukwambia kwa sababu niliona unapenda nikuite mchezaji, na mimi nilipenda kukuita hivyo.

Nimeambatanisha karatasi nne, zote zina mshale. Geuka, Baba, usimame upande wangu, unisomee.

Binti yako,
Mkasi


Tarehe 17 Aprili

Mkasi,

Nimegeuka. Ya kwanza, inaanza kwenye msalaba, nzuri. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu uliharakisha, kidonda kimepinda kushoto. Ya nne haina kasoro, nimeipeleka kwa kinyozi nikamfundisha upya, naye kaapa hanyoi tena mtu mpaka niondoke.

Siku yenyewe usitazame watu. Tazama jani moja la nyasi mbele kidogo ya mpira, ulikate hilo. Na ukimaliza kupiga, usikiache kidonda wazi.

Baba yako,
Daktari


Tarehe 28 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Jana imepita. Sikuelezi kitu. Kwenye kopo hili, ndani ya kitambaa chenye maji, kuna kipande cha nyasi cha pigo langu la kwanza la siku. Nimekichomeka uzi mwekundu: ncha yenye fundo ndiko mpira ulikoelekea.

Soma wewe.

Binti yako,
Mkasi


Tarehe 7 Mei

Mwanangu Mkasi,

Kopo limefika jana. Nililifungua mezani, kaka yako na wifi yako wakiwa wamesimama nyuma yangu, nikasimama upande wako, fundo likiwa mbele.

Nimesoma. Upande wa kuanzia ukingo umenyooka kama umekatwa kwa wembe, maana yake mpira uliguswa kwanza. Unene ni wa sarafu moja, mwanzo hadi mwisho. Hukuchimba. Urefu ni kiganja na nusu, haukupinda popote. Mpira huo ulipanda juu, haukuyumba, ukatua taratibu, na waliokuwa wakiongea walinyamaza. Usiniambie sivyo, maana sikuwepo lakini nimeuona.

Halafu nikakigeuza.

Mkasi, kwenye mizizi kuna chembe nyekundu. Nikazitoa kwa ncha ya kisu, nikaziweka kiganjani. Ni tofali. Pale pa kuanzia shimo la kwanza maji yalikuwa yanatuama, na mwaka ule uliozaliwa wewe, kama nilivyokusimulia zamani, niliponda matofali kwa nyundo wiki mbili nzima, nikayatandaza, nikapanda nyasi juu yake shina kwa shina, kwa mikono yangu hii. Mwingine ataona uchafu. Mimi nimeona jasho langu mwenyewe limenirudia kwa posta.

Ulikuwa pale. Ulisimama pale na fimbo mkononi, ukang'oa nyasi yangu, na hukuniambia! Wifi yako anatazama dari, kwa hiyo naye alijua. Nimelia, na sioni haya kukuandikia. Miaka thelathini na moja, mwanangu, nimefukia vidonda vya watu pale. Hiki ndicho cha kwanza cha damu yangu, na ni kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvishindilia, nasema hivyo nikiwa daktari wake.

Kipande chako nimekipanda kwenye kopo la rangi barazani. Kinyozi amekuja kukiona. Safari hii hakusema ni doa.

Kitu kimoja kinanikosesha raha. Kipande kiko huku, basi kule kimebaki kidonda. Nani alikijaza?

Baba wa mchezaji


Tarehe 15 Mei

Baba wa mchezaji,

Shikamoo.

Nilijaza mwenyewe. Baada ya kupiga nilimpa Matroni fimbo, nikaenda kwenye ndoo ya mchanga pale pembeni, nikapiga magoti. Nyuma yetu kulikuwa na makundi mawili yanasubiri zamu, na mmoja akaanza kusema tufanye haraka. Nikamwambia, "Subiri kidogo, mzee wangu, baba yangu ndiye aliyepanda nyasi hizi."

Akavua kofia. Nikajaza, nikasawazisha kwa kiganja, nikasimama nikashindilia kwa kisigino mara tatu, taratibu. Wote walisimama kimya, Baba, wakanisubiri mpaka nikamaliza.

Mkasi